Samaki Waliisha, Mke Wangu Akasema Amewachukua Yeye

Samaki walikuwa wanaisha.

Sijasema wanakufa. Samaki akifa unamuona. Anaelea tumbo juu, unamtoa kwa chujio la chai, unamtupa. Hawa walikuwa wanaisha tu.

Jioni unafunga mlango wamejaa. Asubuhi unafungua wamepungua. Maji yapo vilevile. Kufuli lipo vilevile. Sakafu kavu.

Na siku tulipoketi kumtafuta mwizi, aliyefungua mdomo akasema "ni mimi" alikuwa mke wangu.

Bibi yenu.

Sogeeni wajukuu zangu niwape hii habari mwanzo mpaka mwisho. Shule mimi niliishia pale walipoanza kuchanganya herufi na hesabu, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe mwendelee.

Mimi nilikuwa fundi viatu. Miaka na miaka nimekaa kwenye kigoda, mpaka magoti yakagoma kabisa. Ukinisikia nasimama utadhani mtu anavunja kuni.

Macho nayo yakaanza kuona sindano mbili pale penye moja. Nikaacha kazi. Binti yangu mkubwa akasema, "Baba na mama hameni huko, njooni kwangu."

Huyu binti tunamwita Bosi. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, kamwachia watoto na nyumba ambayo haijapigwa plasta. Akasema hakai kulia tu. Akaingia kwenye samaki.

Siyo kufuga wakubwa. Yeye anatotolesha. Anazalisha vifaranga vya kambale, anawauzia wenye mabwawa.

Alijenga chumba kirefu nyuma ya nyumba, kina joto kama jikoni. Mabeseni makubwa ya plastiki yamepangwa huku na huku, juu yamefunikwa kitambaa cheusi, maana vifaranga vya kambale vinapenda giza. Kuna mashine ndogo inasukuma hewa, mapovu yanatoka chini, blup blup blup, kutwa nzima. Mimi ule mlio ulikuwa unanipa usingizi kuliko dawa yoyote ya hospitali.

Kambale jike anachomwa sindano, kesho yake anakamuliwa mayai kwenye bakuli. Dume yeye ndiyo hivyo tena, anapasuliwa mbegu zake zichanganywe na mayai, hana bahati. Mayai yanatandazwa kwenye wavu ndani ya maji. Siku ya pili unaona vitu vinatikisika kama vipande vya uzi. Ndiyo watoto hao.

Mara ya kwanza nimewaona nilicheka. Nikamwambia bibi yenu, "Hiki ndicho kitakachoota ndevu?"

Akaniambia, "Hata wewe ulikuwa hivyo hivyo, sema hukuonwa."

Alikuwa na mdomo huyo mwanamke. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka wa kwanza Bosi aliwajaza. Mayai yametotolewa mengi, mabeseni machache, akawashindilia wote. Ukiweka mkono unahisi uji.

Zikapita siku chache tu. Maji yakageuka, yakawa meupe na utelezi kama maji ya kuoshea mchele. Tukakuta wanaelea, yaani beseni zima jeupe. Harufu ilitoka mpaka barabarani, watu wakipita wanaziba pua.

Mwanangu alikaa chini sakafuni pale pale, na gauni lake, akalia.

Mama yake akamfuta uso kwa upande wa kanga yake. Akamwambia, "Uliwabana mno, mwanangu. Hata sisi humu ndani tumebanana, angalau sisi tuna dirisha."

Lile neno likamwingia Bosi. Awamu iliyofuata akakopa mabeseni, akanunua mengine, akawatawanya. Beseni kubwa namna hii, ndani samaki kiganja tu.

"Safari hii wapumue," akasema.

Sote tukaona ana akili. Ukitazama, kila kifaranga kina uwanja wake wa mpira. Sisi tunalala watu sita vyumba viwili, samaki wamepewa ukumbi. Nikamtania, "Bosi, na mimi nitie kwenye beseni, nimechoka kukanyagwa na wajukuu."

Basi. Hapo ndipo walipoanza kuisha.

Sasa lazima niwaambie kuhusu kitinda mimba wangu.

Huyu ni kijana mrefu, akiingia mlangoni anainama. Tunamwita Mlingoti. Moyo wake mzuri sana, lakini pombe ilimchezea. Kuna kipindi alimuuzia mtu pampu ya maji ya dada yake. Ile ya kuvutia maji kisimani. Dada yake anafungua bomba, maji hakuna, anakwenda kuangalia, pampu hakuna, na mdogo wake amelala barazani ananuka kilabu kizima.

Zilipigwa kelele siku hiyo, msiulize.

Lakini akaacha. Aliacha kweli. Akarudi kwa dada yake, akaomba msamaha mbele yetu, akapewa kazi ya kulinda chumba cha vifaranga. Analala humo humo, funguo anazo yeye. Asubuhi kabla hatujaamka ameshanyonya uchafu wa chini ya mabeseni kwa mpira, ameshamwaga, ameshafagia.

Na funguo ndiyo ikawa shida.

"Samaki wanaisha," Bosi akaniambia. Alikuwa anawapima kwa kikombe. Anachota, anahesabu waliomo, anakisia beseni zima. Kila akichota kikombe kinazidi kuwa chepesi.

Nikamuuliza, "Hawajafa?"

"Baba, wakifa si tunawaona? Mara ile waliokufa si tuliwazoa kwa ndoo? Hawa maiti hamna. Hata mmoja."

Kweli. Maiti hamna.

Na katikati ya mambo hayo, jirani wa nyuma, yule wa bustani ya mboga, akachimba bwawa. Tukasikia ameweka vifaranga vya kambale.

Kimeumana.

Bosi akaondoa vile vitambaa vyeusi vyote na kuwasha taa. Akasema anataka kila beseni liwe wazi, mtu akiingiza mkono aonekane. Samaki wakazidi kuisha.

Jumapili moja mchana akatuita sebuleni. Wajukuu wakatolewa nje. Tukakaa wanne: mimi, bibi yenu, Bosi, na Mlingoti amesimama karibu na mlango maana kochi lilikuwa limejaa nguo za kunyoosha.

Bosi akasema, "Sitaki kuzunguka. Kuna mtu humu ndani anachukua vifaranga. Hii ndiyo ada ya watoto wangu. Ndiyo chakula tunachokula hapa. Aliyechukua aseme mwenyewe, na akisema aondoke nyumbani kwangu leo leo. Nimeapa kwa kaburi la mume wangu."

Feni ya mezani inageuka tu, kulia, kushoto.

Mlingoti akasema, "Mbona unanitazama mimi?"

"Nimekutazama?"

"Toka nimeingia unanitazama mimi. Dada, sema tu."

"Funguo anazo nani?"

"Ninazo mimi."

"Pampu ilichukuliwa na nani?"

"Aa, dada! Pampu tena? Mpaka nife?"

"Nimekuuliza!"

"Mimi! Mimi niliichukua! Na nikasema! Sasa hivi sijachukua kitu!"

Akaanza kutetemeka midomo, huyu mtu mrefu vile. Bosi naye amesimama, wako uso kwa uso. Nikajaribu kuinuka niwatenganishe, magoti yakakataa.

Ndipo bibi yenu akasema, sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi:

"Nimewachukua mimi."

Tukageuka wote.

"Mama?"

"Nimewachukua mimi. Mwacheni mtoto."

"Umewapeleka wapi?"

"Nimewapeleka. Wameshakwenda. Usiniulize watu."

"Mama, unatania."

"Umewahi kuniona natania jambo la wizi?"

Bosi alikaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Nikamtazama Mlingoti. Alikuwa amemkodolea macho mama yake, amekunja uso, hata sielewi ni uso wa namna gani. Halafu akafungua mlango akatoka. Hakuubamiza. Aliufunga polepole.

Nimeishi na yule mwanamke tangu sijaota mvi hata moja. Akiazima kiberiti kwa jirani, anarudisha na kijiti alichotumia anakiombea radhi. Leo aibe samaki wa mwanawe?

Chumbani nikamuuliza, "Mama watoto, kweli ni wewe?"

Anakunja nguo zake, hanitazami. "Nimeshasema."

"Nimekuuliza mimi mumeo."

"Na mimi nimeshasema. Nipe ile shuka, siyo hiyo, ile ya maua."

Nikampa shuka ya maua. Nikachukua na kofia yangu.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Si unakwenda? Basi tunakwenda."

Akaketi kitandani. Akaweka mkono kwenye goti langu, lile bovu zaidi.

Bosi alikuwa jikoni tulipotoka. Nilisikia vyombo vinagongana. Hakutoka kutuzuia. Simlaumu, alikuwa ameapa, na mtu akiapa kwa hasira mdomo unamtangulia, miguu inashindwa kurudi.

Tukaenda kukaa kwa shemeji yangu, mdogo wake bibi yenu. Mwanamke mmoja mkarimu, lakini anaongea hata akiwa ameziba pua kwa mafua. Kila siku anauliza, "Lakini dada, mlikosana nini?" Na kila siku bibi yenu anamjibu, "Joto la kule lilinishinda."

Bosi aliuza vifaranga waliobaki, akasimamisha kutotolesha. Alikuwa anakuja. Analeta sabuni, analeta dawa za mama yake za kifua, anakaa pembeni ya kiti kama mgeni. Wanazungumza habari za hali ya hewa. Mama na mwana, wanazungumza mvua!

Mlingoti hakuja.

Hakuja hata mara moja. Tukasikia ameondoka na yeye kwa dada yake, amepata kazi ya kuosha magari. Ni mbali kidogo, lakini siyo mbali ya kushindwa kufika.

Bibi yenu akisikia geti tu, anainua kichwa.

"Ni yeye huyo?"

"Ni muuza mkaa."

"Aha."

Kisha kesho yake tena. "Ni yeye?"

"Ni watoto wa jirani."

Nikakasirika. Nikasema nitamfuata kijana huko huko nimvute sikio hata kama nitahitaji ngazi. Akanikataza.

"Mwache. Aibu ndiyo inamzuia. Ikimtoka atakuja."

Aibu ya nini? Nilijiuliza. Sikuelewa. Nilielewa baadaye, hospitalini.

Kifua kilimzidi, tukamlaza. Wodi ya wanawake, dirisha linatazama sehemu ya kuanikia mashuka. Pumzi ilikuwa fupi, anaongea neno, anapumzika, anaongea neno.

Akaniambia, "Sogea."

Nikasogea.

"Sikuchukua mimi."

"Najua."

"Ni mtoto. Nilimuona. Asubuhi, amebeba ndoo, ameifunika. Anapita nyuma, kwa yule jirani wa bwawa. Siyo siku moja."

Nikamnyanyulia mto kidogo apate pumzi.

"Angefukuzwa," akasema. "Angerudi kwenye pombe. Mimi nikifukuzwa nakwenda kwa mdogo wangu. Yeye angekwenda wapi?"

Akapumzika.

"Usimwambie mtu. Wala yeye mwenyewe usimwambie. Nimeshamsamehe. Niahidi."

Nikaahidi. Mtu anakuomba akiwa vile, utasema nini?

Halafu geti la wodi likagonga huko nje. Akainua kichwa kutoka kwenye mto, kidogo tu.

"Ni yeye?"

Alikuwa mtu wa usafi na toroli lake.

Nikamwambia, "Yuko njiani."

Hakuwa njiani. Bibi yenu akafariki kabla ya chakula cha mchana, mkono wake kwenye mkono wangu, na shuka ya maua miguuni.

Mazishini Mlingoti alikuja. Alisimama mbali, nyuma ya watu wote, lakini kwa urefu ule hata nyuma ya watu anaonekana. Hakulia. Alitupa udongo akaondoka. Nilimtazama nikasema moyoni, ama kweli mtoto huyu kaumbwa kwa jiwe. Mama yako amebeba mzigo wako mpaka ndani ya shimo, wewe hata chozi.

Nikafunga mdomo. Niliahidi.

Bosi akanirudisha kwake. Hatukuwa na maneno mengi. Chumba kilikuwa kikubwa kwa mtu mmoja, sikuzoea, nikawa nalala upande wangu tu wa kitanda.

Akatotolesha awamu nyingine. Akawatawanya vile vile, kwa nafasi. Kufuli jipya. Funguo moja tu, ameifunga kwenye kanga yake. Hata mimi sina.

Asubuhi moja nipo barazani na chai yangu, nikamuona anakuja kutoka nyuma, anatembea kama mtu aliyeona nyoka.

"Baba."

"Nini?"

"Mama amekufa. Na samaki bado wanaisha."

Chai ilinimwagikia mapajani, sikuhisi.

Tulitazamana. Kila mmoja anaogopa la kwake. Yeye nadhani alikuwa anaogopa vitu vya gizani, maana alianza kuuliza kama tumuite mtu wa dua. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine. Mlingoti hayupo. Hana funguo. Sasa nani?

Nikamwambia, "Kabla ya mtu wa dua, ita mtu wa samaki."

Kuna mama mmoja kutoka ofisi ya mifugo na uvuvi. Amesoma, ana miwani minene, anavaa viatu vya mvua hata jua likiwaka. Akaja siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Tuna mwizi asiyeonekana."

Hakucheka. Aliinama juu ya beseni moja, akatazama muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akaniita.

"Mzee, njoo utazame hapa kwenye kona. Taratibu, usiwashtue."

Nikainama, na magoti yangu yakipiga kelele zake.

Nikaona samaki ana mikia miwili.

Mmoja nyuma, mahali pake. Mwingine unatoka mdomoni.

Nikafikicha macho. Nikasema ni uzee huu, ni zile sindano mbili tena. Lakini ule mkia wa mdomoni ulikuwa unatikisika. Ukaingia kidogo. Ukaingia tena. Halafu haukuwepo. Samaki akabaki na mkia mmoja na tumbo limevimba, akarudi kwenye kona yake akatulia kama baba mwenye nyumba.

"Ndiyo mwizi wenu huyo," yule mama akasema.

Bosi akasema, "Wanakulana? Lakini nimewapa nafasi! Nimewapa nafasi yote hii!"

"Ndiyo. Nafasi imekuwa kubwa mno."

Akatuelezea polepole, hana dharau hata kidogo. Kambale wadogo wakijazana kupita kiasi, maji yanachafuka, hewa inaisha, wanakufa na unawaona wanaelea. Lakini wakiwa wachache sana kwenye sehemu kubwa, kila mmoja anashika kona na kuanza kuilinda. Hawaogelei tena kwa kundi. Chakula nacho kinatawanyika, wengine hawakutani nacho. Mmoja akikua haraka kidogo kuliko wenzake, anaona chakula kilicho karibu ni ndugu yake.

"Na huyo anammeza mzima," akasema. "Habakizi kitu. Ndiyo maana hamkuona maiti."

"Kuna kiasi cha katikati," akaendelea, "na hata hicho kinabadilika wakikua. Na lazima muwachambue kila mara. Wakubwa peke yao, wadogo peke yao." Akatazama juu. "Na vitambaa mlivitoa kwa nini? Mwanga unawachokoza zaidi."

Bosi akajibu kwa sauti ndogo sana.

"Tulitaka tumuone mwizi."

Yule mama akavua miwani akaifuta. Nadhani aliona nyuso zetu, akajua hapa hapazungumzwi samaki tena. Akaaga.

Bosi alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili.

"Baba. Hakuna aliyeiba."

"Hakuna."

"Sasa mama alisema amechukua kwa nini?"

Nikageukia mlango.

"Baba, nijibu. Kwa nini mama alisema ni yeye?"

Nikamwambia, "Mpigie simu mdogo wako."

Alikuja jioni jua bado lipo, suruali imelowa maji ya kuoshea magari mpaka magotini. Akasimama mlangoni mwa kile chumba, haingii. Dada yake akamueleza yote, mikia miwili, nafasi, kila kitu, huku analia na kujifuta na kumuomba radhi kwa wakati mmoja.

Mlingoti alisikiliza. Halafu akasema, polepole:

"Kwa hiyo mama hakuiba."

"Hakuiba."

"Mama hakuiba, baba?"

"Hakuiba, mwanangu."

Akateleza kwenye ukuta, ule urefu wote ukakunjika mpaka chini.

"Mimi nilimuamini," akasema. "Aliposema amechukua, nilimuamini. Nikasema, kumbe alijua ni yeye, na siku zote zile akaniacha nitazamwe mimi. Wiki nzima dada ananitazama kama mbwa aliyekula nyama, mama anaona, amenyamaza. Nikasema huyu siyo mama. Ndiyo maana sikwenda."

Mnaona wajukuu zangu?

Hakuwa na aibu. Alikuwa amenuna. Kule kwa shemeji mama anasubiri geti, anasema aibu inamzuia mtoto. Huku mtoto anaosha magari anasema mama amenisaliti.

Ahadi ni ahadi. Lakini niliona nikinyamaza sasa nitamzika na huyu. Nikamuuliza lile swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ile ndoo uliyokuwa unaifunika asubuhi, unaipeleka kwa jirani. Ilikuwa na nini?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Ndoo? Ile ya uchafu wa samaki? Si ule ninaounyonya chini ya mabeseni. Jirani aliniomba, anamwagia mboga, anasema zinanenepa. Nilifunika kwa sababu ya harufu, dada hataki inuke mbele ya wateja."

Nikavua kofia.

"Kwani vipi, baba?"

Hakungoja nijibu. Nilimuona anafika mwenyewe. Macho yakatoka kwangu, yakaenda kwenye mabeseni, yakarudi kwangu.

"Mama aliniona na ile ndoo."

"Ndiyo."

"Alidhani ni mimi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Amekufa anadhani ni mimi."

Dada yake akamshika kichwa akakilaza kifuani. Akalia sasa, kilio cha mazishi yale aliyosimama nyuma ya watu. Na katikati ya kilio akatoa maneno ambayo mpaka leo nikinywa chai yananikwama:

"Alidhani ni mimi, na bado akanibebea lawama."

Tulikaa pale sakafuni wote watatu, mimi sijui niliteremkaje na magoti haya. Vile viputo vinapiga blup blup, na kwenye mabeseni wale wanaendelea kumezana, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwachambua.

Sasa hivi Mlingoti amerudi. Yeye ndiye mchambuzi mkuu, ana nyavu tatu za matundu tofauti, na hesabu ya wangapi wakae wapi anaijua kuliko mimi ninavyojua visigino. Samaki hawajazani na hawatengani. Biashara inatembea.

Lakini nyumbani ndiko kulikobadilika zaidi. Kitu kikipotea siku hizi, tunaulizana. Papo hapo, kavukavu, hata mbele ya wageni.

Juzi Bosi ametoka jikoni na kopo la sukari. "Baba, hii imeteremka. Ni wewe?" Na mnajua daktari alinikataza sukari.

Mlingoti akadakia, "Mzee, ukitaka niseme ni mimi niambie mapema."

Tukacheka. Halafu kila mtu akatazama upande wake.

Nikasema, "Ni mimi. Vijiko vitatu. Asibebewe mtu."

Wajukuu zangu, mimi sina elimu ya kuwapa. Hili moja tu mlichukue. Ukimshuku mtu wako, muulize. Muulize hata kama jibu linakutisha, hata kama unampenda mpaka unaogopa kumsikia. Bibi yenu alikuwa na moyo wa kubeba jiwe la mtu mwingine, alichokosa ni kuuliza tu, "Mwanangu, umebeba nini?" Na mtoto naye angeuliza, "Mama, kwa nini umesema hivyo?" Kila mmoja alikaa kwenye kona yake na jibu lake mkononi.

Msamehe mtu, ni vizuri. Lakini usimsamehe kabla hujamuuliza.

Anaweza kuwa hana kosa, na wewe ukaondoka na msamaha usio na wa kuupokea.